Kitanda Katika Banda la Machungwa

Kaburi la Mama Inangaro lilikuwa mbele ya nyumba, karibu na ngazi za baraza, na lilikuwa limeezekwa bati kama makaburi yote ya watu wenye watoto wanaojali. Saruji yake ilikuwa laini, na hata jua la adhuhuri liwake namna gani ilibaki baridi. Ndiyo maana binti yake, Tekura, alikuwa akichorea pale. Meza ya jikoni ilikuwa fupi tena inayumba. Kaburi halikuyumba.

"Mama, nisogezee kidogo," alikuwa akisema kila asubuhi, huku akitandaza karatasi zake na kuziwekea mawe pembeni zisipeperuke. Kisha aliweka kikombe cha chai upande wa miguu. Upande wa kichwa asingethubutu.

Tekura alikuwa amekaa Auckland miaka mingi, akifanya kazi katika karakana ya mabango. Alijua herufi, alijua rangi, alijua kumfanya mtu anayepita na gari asome jina la duka la samaki kabla hajalipita. Alirudi kisiwani kumzika mama yake, akasema atakaa wiki mbili. Mwaka ulipogeuka na yeye bado yupo, halmashauri ya kisiwa ikaona kwamba mtu mwenye ujuzi kama huo hawezi kuachwa akae tu na marehemu. Wakampa kazi. Banda la zamani la kufungia machungwa, lililokuwa tupu tangu meli za machungwa zilipoacha kuja, lifanywe makumbusho ya kisiwa. Tekura apange vitu, aandike maelezo ya kila kitu, na atengeneze nembo ya kuwekwa mlangoni, kwenye barua na kwenye fulana. Ufunguzi utakuwa Sikukuu ya Injili, wageni watakaposhuka na ndege kutoka Rarotonga, kisiwa kikuu.

Alikubali kabla hawajamaliza kueleza. Sababu hakuisema, lakini hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mama Inangaro ndiye aliyekuwa mkataji wa tivaevae. Kushona wanashona wote. Wanawake wa kisiwa hukaa juu ya mikeka miezi na miezi, wakishona mashuka hayo makubwa ya kitanda huku wakiimba na kusengenya. Lakini kukata ua kabla halijashonwa kunataka mkono wa peke yake. Kitambaa kinakunjwa, mkataji anashika mkasi, hachori kitu, anakata tu. Kikikunjuliwa, ua linafunguka pande zote sawasawa. Ua la Mama Inangaro lilikuwa la mchungwa. Alianza kulikata mle mle bandani, alipokuwa msichana wa kufunga machungwa moja moja katika karatasi nyepesi. Wakati wa mapumziko alizikunja karatasi zilizochanika akazikata kwa mkasi wa kukatia kamba, na wenzake wakamzunguka kungoja afunue.

Shida ni kwamba tivaevae hazikai. Zinatengenezwa ili ziondoke. Moja inakwenda Auckland na bibi harusi, nyingine inamfunika kijana siku ya kukatwa nywele zake, na ile nzuri kuliko zote inamfunika mwenyewe anapolala mara ya mwisho, inazikwa naye. Tekura ndiye aliyemfunga mama yake katika ile ya mwisho, nyekundu juu ya nyeupe. Alifanya vile inavyotakiwa na hakujuta hata siku moja. Ila sasa, kila alipofumba macho alitafute lile ua, aliona jani hapa, petali pale, na katikati hapaonekani kitu. Alitaka ua la mama yake liwemo katika lile banda. Likikosekana, kisiwa kitakuwa na makumbusho yenye mawe ya kupondea, nyavu, na picha za wamisionari wenye ndevu, lakini hakuna alama yoyote kwamba Inangaro aliwahi kushika mkasi.

Kisiwa kizima kilikuwa na tivaevae moja tu iliyobaki yenye ua hilo. Ilikuwa ndani ya sanduku la Mama Ngatupuna.

Kwa hiyo Tekura akaanza kwa kutengeneza mahali pa kuiweka. Alichora kabati zuri la kioo, refu, la kulala, lenye fremu ya mbao ya mti wa tamanu na kufuli dogo, ili tivaevae ikunjwe vizuri ndani yake na ua lionekane kupitia juu. Mchoro akampa Papa Tutavake, mwenyekiti wa halmashauri, ambaye pia ndiye seremala wa kisiwa. Papa Tutavake alifanya kazi kwa moyo. Alipomaliza, Tekura aliwaita wanawake wa kikundi cha kushona waje walione.

Mama Ngatupuna alitangulia kuingia. Alikuwa kiongozi wa kikundi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa la matumbawe, na kichwani alikuwa na taji la maua kama kawaida yake, hata siku ya kufua.

"Kia orana," alisalimu, kisha akasimama pale pale mlangoni. Akalivua taji. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Mama," Tekura alisema. "Ni kabati. La kuonyeshea vitu."

Mama Ngatupuna alilizunguka taratibu. Alilipima kwa shibiri upande mmoja, akarudi akalipima upande wa pili. "Tutavake. Hili ulimpima nani?"

Papa Tutavake alijikuna shingo. Majeneza yote ya kisiwa, tangu baba yake alipoacha kazi, yametoka mikononi mwake. "Nimefuata mchoro wa Tekura," alisema. "Ila mkono nao una mazoea yake."

"Una mazoea mpaka umeweka vishikio vya kubebea?"

Ni kweli, vishikio vilikuwepo, vitatu kila upande, vimepigwa msasa vizuri. Papa Tutavake mwenyewe alivitazama kama vile ndiyo kwanza anaviona.

Mama Nooroa, ambaye huwa wa mwisho kuingia na wa kwanza kucheka, alibandika pua kwenye kioo. "Mimi limenipendeza. La kioo ni zuri. Mtu hawezi kujifanya kafa ili akwepe zamu ya kufagia kanisa. Tutamwona akipepesa macho."

Wanawake walicheka mpaka wengine wakashika nguzo. Tekura naye alicheka, ingawa masikio yalimwaka moto. Kwenye karatasi hakuwa ameliona hilo hata kidogo.

"Mwanangu," Mama Ngatupuna alisema, akifuta machozi kwa ncha ya kanga yake, "ukichorea juu ya kaburi unategemea kitoke nini? Kiti cha kubembea?"

Tekura akaona kwamba wakati mzuri ni huo huo, wakiwa bado wana furaha. "Mama, nilitaka kukuomba ile yako. Ile aliyokukatia mama. Ndiyo iwe humu."

Kicheko kilikatika. Wengine wakaanza kutazama dari.

"Ile ni ya safari yangu," Mama Ngatupuna alisema.

"Najua, Mama. Ni kuazima tu."

"Kuazima kwenye kisanduku chenye kufuli. Haya. Nikifa Jumapili, na ufunguo uko mfukoni mwa Tutavake, na Tutavake yuko Rarotonga kwa daktari wa meno, mimi niende vipi? Uchi? Nikafike kwa mama yako uchi, aniulize, Ngatupuna, ile niliyokukatia iko wapi, nimwambie iko bandani inatazamwa na wazungu wenye kaptula?"

Wenzake walicheka tena, lakini yeye hakucheka. Alimshika Tekura kidevu kama mtoto. "Hasira sina. Lakini hapana, mwanangu."

Basi kabati likabaki pale katikati ya banda, tupu, likiwaangalia wote.

Tekura alirudi kwenye nembo, akifikiri kwamba hapo angalau hatakosea. Alitengeneza tatu kwa kompyuta, akazichapa kwa rangi, akazipeleka kwenye kikao cha halmashauri. Ya kwanza ilikuwa kasa, ya pili ngalawa, ya tatu banda lenyewe na mnazi pembeni. Kikao kilifanyika bandani, na kwa kuwa viti vilikuwa vichache, watu wawili walikalia kabati.

Kisiwa kina vijiji vitatu, Areau, Vaipuna na Tukava, na kila kijiji kina rangi yake tangu zamani. Kanisa la Areau ni la kijani, la Vaipuna la njano, la Tukava la buluu, na hata mashua za uvuvi mtu huzijua zinakotoka kabla hazijavuka mwamba.

"Kasa ni mzuri," alisema mzee wa Tukava. "Tena umempaka buluu. Asante sana."

"Ni buluu ya bahari," Tekura alisema haraka.

"Bahari ya wapi?" aliuliza mtu wa Vaipuna. "Huku kwetu jua likichwa bahari ni ya njano."

"Kasa hana kijiji!" alisema mtu wa Areau.

"Hana? Anataga wapi? Anapanda mlima aende kutaga Areau?"

"Areau alikuja mmoja."

"Alipotea."

Ngalawa nayo ikaulizwa ni ya ukoo gani. Banda likaulizwa kwa nini limechorwa kutoka upande wa Vaipuna. Papa Tutavake aligonga meza mpaka mkono ukamuuma. Mwishowe alimgeukia Mama Ngatupuna, aliyekuwa amekaa nyuma akishona bila kuinua macho.

"Mama, wewe unasemaje?"

"Kasa huyo namjua," alisema. "Nimejifutia maji naye. Yuko kwenye mataulo ya hoteli zote za Rarotonga." Alikata uzi kwa meno. "Tekura, mwanangu, umetuchorea kama mtu anayetuangalia kutoka dirisha la ndege. Mama yako hakuchora. Alikunja, akakata."

"Mimi si mama," Tekura alisema, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyotaka.

"Nani kasema wewe ni yeye? Yeye yuko kule chini ya vikombe vyako vya chai. Nakwambia ushike mkasi."

Mkasi wa Mama Inangaro ulikuwa ukining'inia kwenye msumari jikoni, na utepe wake mwekundu, mahali pale pale alipouacha. Tekura alikuwa amefagia chini yake, amepanguza ukuta pembeni yake, hajaugusa. Jioni ile alikaa barazani akiutazama kupitia mlango ulio wazi. Nyumbani kwao watoto walikatazwa mkasi ule hata kwa kukata kucha. Aliona kwamba akiuchukua na kukata vibaya, atakuwa amekata na kile kidogo kilichobaki kichwani mwake, yale majani machache na petali. Lakini Sikukuu ya Injili ilikuwa inakaribia, na tangazo la ndege lilikuwa limeshapokelewa: wageni wanakuja, na waziri yumo.

"Usinicheke," aliliambia kaburi asubuhi yake, akapita na mkasi mkononi.

Wanawake walikuwa kwenye ukumbi wa kanisa la Areau, wamekaa kwenye mikeka. Hawakumwuliza kitu. Mama Nooroa alivuta kipande kipya cha kitambaa chekundu, wakakikunja mara mbili, wakakilaza mbele yake kama mkate. Mmoja akaanza wimbo kwa sauti ya chini, wenzake wakaupokea.

Tekura alifumba macho. Alianza na shina, akapanda nalo, akageuza jani. Mkasi ulikuwa mzito na mkali, ukienda kana kwamba unaijua njia. Alikata petali. Alikata jani la pili. Mabaki yalimwangukia mapajani. Alipofika mwisho alifumbua macho, akavuta pumzi, akakishika kitambaa kwa pembe mbili na kukikunjua mbele yao wote.

Kilikunjuka, kisha kikaanguka. Vipande vinne, kila kimoja peke yake, vikashuka polepole juu ya mkeka kama majani ya mti.

Wimbo ulikatika.

Alikuwa amekamata pembe isiyo yake. Katika kitambaa kilichokunjwa kuna pembe moja ya moyo, mikunjo inapokutana, na shina lazima liote hapo ili ua lishikane. Tekura alikuwa ameotesha shina lake kwenye pembe ya upande wa pili, ile iliyo wazi. Mtoto yeyote wa kisiwa anayekaa na bibi yake huambiwa hivyo kabla hajajua kusoma.

Mama Ngatupuna alijaribu kujizuia. Mashavu yalimjaa, mabega yakatikisika, kisha akaachia kicheko kilichowatoa kuku chini ya ukumbi. Kikawabeba wote. Mama Nooroa alilala kabisa kwenye mkeka, akipiga sakafu kwa kiganja.

"Bila shaka na mama naye alianza hivi hivi," Tekura alisema, akitafuta pa kushika.

"Mama yako?" Mama Ngatupuna alijaribu kuvuta pumzi. "Kamwe! Hata mara moja! Angekufa upya!"

"Basi mimi nimerithi nini?"

"Mdomo!" walijibu watatu kwa pamoja.

Na hapo Tekura, aliyekuwa amekunja uso tayari kulia, akajikuta anacheka kwa nguvu mpaka tumbo likamwuma. Tangu mazishi hakuwa amecheka namna ile. Kilikuwa kicheko kirefu, kilichomchosha kama kuogelea.

Kilipotulia, Mama Nooroa, akiwa bado amelala, alivuta kipande kimoja karibu na uso wake. Akakaa. "Lakini hebu tazameni," alisema. "Lioneni jani."

Jani lilikuwa limepinda kidogo kwenye ncha, likageuka kama linalotazama nyuma. Hakuna mchungwa wenye jani la namna hiyo. Lilikuwa jani la Mama Inangaro. Tekura hakuwa amelikumbuka. Mkono ndio uliolikata.

Mama Ngatupuna alitandaza kitambaa cheupe na kuvipanga vile vipande vinne juu yake, ncha za mashina zikiangaliana, lakini havikuweza kugusana, kwa kuwa palipotakiwa kuwa na moyo hapakuwa na kitu. Wakawa wanavitazama hivyo Papa Tutavake alipochungulia mlangoni kuuliza kuku wamekimbia nini.

"Aa!" alisema. "Hii nzuri. Cha Areau ni kipi?"

"Kipi cha Areau nini?"

"Kipande chetu. Vijiji si viko mbalimbali hapo, kila kimoja na mahali pake? Cha kwetu kitakuwa hiki cha juu. Kipakeni kijani."

"Cha juu kwa nini kiwe cha Areau?" alidakia mwanamke wa Tukava.

"Geuza kitambaa, na wewe utakuwa juu!"

Tekura alikigeuza. Kweli, kila upande ukawa juu. Akakigeuza tena. Ile sehemu ya kichwa chake iliyofanya kazi kwenye karakana ya mabango, ambayo tangu kikao kile ilikuwa imenuna, ikaamka. Maumbo manne ya wazi, nafasi safi katikati, unaweza kuyaona kwa mbali, unaweza kuyashona, kuyachonga, kuyachapa kwenye fulana bila kupoteza kitu. "Kijani, njano, buluu," alisema. "Kila kijiji kikate rangi yake chenyewe. Sitaki kusikia tena habari ya kasa."

"Na cha nne?" Mama Nooroa aliuliza.

Hapo pakawa na mabishano mapya. Mmoja alisema cha nne kiwe cha kanisa, mwingine cha uwanja wa ndege. Mama Ngatupuna ndiye aliyemaliza. "Cha walioko Auckland. Wale ni wengi kuliko sisi. Tukiwanyima kipande watapiga simu mwaka mzima."

"Kiwe rangi gani?"

"Nitajuaje? Hawajarudi tuwaone."

"Basi kisiwe na rangi," Tekura alisema polepole. "Kishonwe ukingo tu. Kingoje."

Ilikubaliwa. Siku zilizofuata vijiji vitatu vilikata vipande vyao kwa kufuata kile chekundu, na bango la mlangoni likashonwa, halikupakwa rangi. Tekura aliandika maelezo ya mawe ya kupondea na ya nyavu, akapanga masanduku ya machungwa ukutani kuanzia kongwe, akatundika karatasi nyepesi za kufungia kwa nyuzi darini, zikipepea mtu akipita. Banda likawa zuri. Lakini katikati yake kulikuwa na kabati la Papa Tutavake, na lile jani moja lililopinda lilimwongezea Tekura hamu badala ya kuimaliza. Sasa alikuwa na ukingo wa ua. Moyo wake bado hakuwa nao.

Alikwenda nyumbani kwa Mama Ngatupuna, akamkuta anamenya majimbi.

"Mama, kama hakuna kufuli?"

"Unaanza salamu katikati siku hizi?"

"Kama hakuna kufuli, na hakuna kioo, na badala ya kabati kuna kitanda?"

Kisu kilisimama. "Kitanda cha nani?"

"Cha mama. Kile cha chuma. Tivaevae yako itatandikwa juu yake kama inavyotandikwa wageni wakija. Mlango wa banda hauna kitasa, unajua. Siku ukiihitaji, mjukuu wako anaingia, anaichukua, anaondoka. Hamwombi mtu. Na wewe ukishaondoka nayo, mwingine mwenye yake atatandika ya kwake."

"Hata kama kuna watalii?"

"Hata kama kuna watalii."

"Hata kama waziri amesimama hapo anahutubia?"

"Hata kama waziri ameikalia. Tutamwinua."

Mama Ngatupuna alimaliza kumenya jimbi lile. "Kile kitanda kinapiga kelele," alisema mwishowe. "Mama yako alikuwa akijigeuza, kijiji kizima kinajua. Nitafikiri."

Tekura alikibeba kitanda na Papa Tutavake, wakakiweka katikati, na kabati wakalisukuma ukutani. Alianika godoro juani, akalitandika shuka jeupe. Kila siku alipita kuangalia. Kila siku kitanda kilikuwa vile vile.

Asubuhi ya Sikukuu ya Injili ikafika, na kitanda bado kitupu. Mama Nooroa alijitolea kuleta tivaevae yake, nzuri kabisa, ya vipande vidogo vidogo vya rangi zote. Tekura alimshukuru akakataa. "Nimemwambia ni mahali pake. Nikiweka nyingine nitakuwa nimechoka kumngoja."

"Na asipokuja?"

"Watu watatazama kitanda cha mama yangu. Si kibaya."

Ngoma zilipigwa, vijiji vikaigiza jinsi Injili ilivyofika, Tukava wakimfanya mmisionari mnene kupita kiasi kwa mito miwili. Waziri alikata utepe. Watu wakaingia bandani, wakazitazama zile karatasi zinazopepea, wazee wakaokota masanduku na kunusa kama bado yana harufu. Kabati la Papa Tutavake halikupotea bure: ndani yake kulikuwa na kuku, samaki wa ndimu na tui, mboga ya majani ya majimbi, na saladi ya viazi ya rangi ya waridi, vyote vikionekana wazi na hakuna nzi aliyevigusa. Waziri alilisifu sana. Akauliza hivi vishikio ni vya nini. Papa Tutavake akasema ni vya kubebea chakula.

Halafu pikipiki ndogo ikasikika nje. Ilizimwa, na watu wakapisha njia kabla hawajajua wanampisha nani. Mama Ngatupuna aliingia na mzigo mikononi, umefungwa shuka, unanuka msandali na dawa ya nondo. Hakumsalimu waziri. Alikwenda moja kwa moja kitandani.

"Shikeni pembe," alisema.

Wanne walishika. Kitambaa kilipanda hewani, kikajaa upepo, kikashuka juu ya kitanda cha chuma, na kitanda kikalia kidogo, kama kilivyozoea.

Maua ya mchungwa yalizunguka kutoka ukingoni, majani yote yakitazama nyuma. Tekura aliyafuata kwa macho taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, mpaka akafika katikati. Ndipo alipoona kile kilichokuwa kimempotea. Katikati hapakuwa na ua. Palikuwa na duara dogo, na juu ya duara mikunjo midogo imesokotwa, inayotawanyika ncha zake. Lilikuwa chungwa, limefungwa kwenye karatasi, na fundo limesokotwa juu kwa vidole vya msichana anayelipwa kufunga haraka. Mama yake alikuwa amelikata chungwa hilo maisha yake yote, na wao wakaliita ua.

Hakulia sana. Alilia kiasi, na Mama Nooroa akampa ncha ya kanga yake.

Kisha alitoa kalamu na kadi aliyokuwa ameiacha tupu, akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kuandika kwa herufi zake nzuri za mabango. Alisoma kwa sauti kadiri anavyoandika: "Imekatwa na Inangaro wa Areau. Imeshonwa na Ngatupuna na wenzake. Itaondoka na mwenyewe."

"Ngoja," Mama Ngatupuna alisema.

Alivua viatu, akapanda kitandani mbele ya waziri, wageni na mchungaji, akalala chali, akaweka mikono kifuani na kufumba macho. Mwanamke mmoja wa kutoka Rarotonga akaziba mdomo. Mchungaji akapiga hatua moja mbele.

Jicho moja likafumbuka.

"Najaribu tu kama kinanitosha," alisema. "Tekura, ongeza hapo mwisho. Andika: bado yupo. Kwa herufi kubwa, nisije nikabebwa na watalii."